Shomoro Mweupe wa Mashineni

Jumatatu, 3 Machi

Nimemwona! Saa nne asubuhi, kwa macho yangu haya mawili, nikiwa nyuma ya studio na kikombe cha chai. Shomoro mweupe. Si wa kijivu, si wa madoadoa. Mweupe pe, toka utosini hadi mkiani, na macho meusi. Alikuwa juu ya paa la mashine ya kusaga ya jirani, katikati ya shomoro wenzake wa kila siku, akigombania punje kama wao. Chai ilipoa mkononi. Mteja wa picha ya pasipoti niliyemwacha ndani alikaa dakika ishirini kidevu juu, maana nilikuwa nimemwambia asitikisike.

Jioni, kikao cha chama cha watazama ndege. Chama hiki nilijiunga nacho kwa sababu moja tu: katibu wake ni baba mkwe, mwalimu mstaafu wa biolojia. Nikasimama kabla ajenda ya kwanza haijafunguliwa, nikatangaza. Ndipo Flashi, mpiga picha za harusi ambaye studio yake inatazamana na yangu, akauliza kwa upole mwingi kama huyo shomoro hakuwa amelala ndani ya unga. Watu ishirini na saba wakacheka. Ni kweli shomoro wote wa mashineni huwa na unga mabegani. Lakini huyu si unga!

Baba mkwe hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaandika neno moja kwenye daftari la chama: Madai. Kanuni ni kwamba anayedai kuona ndege asiye wa kawaida ana muda mpaka siku ya maonyesho kuleta picha. Asipoleta, anasimama mbele ya wanachama na kufuta maneno yake kwa kinywa chake mwenyewe. Maonyesho ni Jumamosi hii.

Niandike ukweli hapa, maana daftari hili ni langu. Kicheko cha Flashi nitakimeza. Kinachoniuma ni mzee. Baba mkwe hajaamini sentensi yangu hata moja tangu nimwoe binti yake, mwaka wa kumi na moja huu. Najua nilianza vibaya. Siku ya kwanza kwenda kujitambulisha kwake nilimwonyesha picha ya chui, nikamsimulia nilivyomnyemelea kwa tumbo. Akaitazama picha kwa utulivu, akasema huyo ni paka wa dada yake. Tangu hapo nikimwambia mvua inanyesha, anatoa mkono dirishani kwanza. Nataka aniamini. Mara moja tu, inatosha.

Jumanne, 4 Machi

Mama mwenye mashine ameniruhusu kukaa uani kwake. Nilimwambia nafanya utafiti. Akasema sawa, ila nisikalie magunia ya mahindi ya wateja. Nimekalia magunia ya mahindi ya wateja. Ndiyo pekee yenye pa kuegemea.

Saa tatu hadi karibu saa saba. Miguu imekufa ganzi. Chafya kumi na nne nimezibana, ya kumi na tano ikatokea masikioni. Halafu akatua! Kwenye ukingo wa ndoo, hatua nne kutoka nilipo, kifua mbele, kichwa sawa, anaitazama lenzi moja kwa moja. Miaka kumi na nane nipo kwenye kazi hii, sijapata mteja mtulivu namna ile. Picha kumi na moja. Nikarudi studio nikipiga mluzi, nikapita makusudi mbele ya mlango wa Flashi, nikarudi nyuma nikapita tena.

Saa kumi, nyumbani, nikafungua kompyuta. Hakuna ndege. Picha kumi na moja nyeupe tupu, na katika kila moja nukta mbili nyeusi, kipande cha mdomo, na vijiti viwili chini. Nilikaa nikizitazama muda mrefu kabla sijaelewa. Asubuhi, nilipokuwa napanga vifaa, mikono yangu ilifanya kile inachofanya kila siku ya Mungu: ilitundika kitambaa cheupe nyuma. Pasipoti inataka nyuma pawe peupe. Mikono haikuniuliza.

Mke wangu alipita na nguo za kupiga pasi, akachungulia, akauliza nimeanza lini kupiga picha za sisimizi. Nikamweleza. Alicheka mpaka akatafuta kiti. Kisha akasema angalau mteja ameangalia mbele na hajatabasamu. Huyu ndiye niliyeahidi kuzeeka naye.

Jumatano, 5 Machi

Bluu! Mweupe juu ya bluu, hata mzee na miwani yake ataona. Studio sina kitambaa cha bluu. Sebuleni tuna pazia la bluu, jipya, mke wangu amelishona kwa mkono wake. Yeye ameondoka kwenda kazini saa moja. Pazia limeondoka saa moja na dakika tano.

Upepo ndio ulionitibua. Pazia likapepea, shomoro wote wakatimka hadi paa la tatu. Nikalibana chini kwa magunia mawili. Moja likapasuka ubavuni, mahindi yakamwagika uani, nikawa nayazoa kwa kofia huku mama mwenye mashine amesimama juu yangu, mikono kiunoni, akiniuliza huu ni utafiti wa nini hasa. Nikasema wa mazingira. Akasema mazingira yake nimekwisha kuyaharibu.

Hata hivyo saa nane akaja, mweupe kama alivyoumbwa, mbele ya bluu yangu. Nikapiga. Picha zimetoka nzuri sana upande wa pazia. Katikati kuna kitu kama mtu amepangusa chokaa kwa kidole. Sababu nimeigundua nilipoweka mkono chini: mashine ikisaga, ua mzima unatetemeka, na stendi ya kamera inatetemeka nayo. Kesho mashine lazima inyamaze.

Balaa la pili. Nilipoinua kichwa nikamwona Flashi kibarazani kwake, ameitoa ile lenzi yake ndefu kama bomba la maji, ameielekeza kwenye paa la mashine. Amenusa! Nikafikiri haraka. Akimpata yeye, watu wataamini kuwa shomoro yupo, lakini atakuwa shomoro wa Flashi. Heri ndege huyu asionekane na mtu yeyote mpaka Kiyama kuliko aonekane na Flashi.

Pazia limerudi nyumbani na alama ya tairi la mkokoteni na doa la grisi. Mke wangu amelifua na kulianika, nasi tukala chakula cha jioni dirisha wazi, mtaa mzima ukipita na kututakia heri. Mmoja aliuliza kama mboga imekosa chumvi.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya akili. Nimeamka na mipango miwili, yote safi.

Mpango wa kwanza: saa moja nilikwenda kwa mama mwenye mashine, nikatega sikio, nikakunja uso, nikamwambia ule mkanda unaozungusha mashine unalia vibaya, utakatika leo au kesho na utamtoa mtu jicho. Sijui lolote kuhusu mikanda. Akashtuka, akazima mashine, akamwita fundi. Fundi akasema atafika kesho asubuhi. Kimya kitamu kikatanda mtaani.

Mpango wa pili: nikavuka kwa Flashi. Nikajifanya mnyonge. Nikamwambia nimeshindwa, shomoro mweupe amehama, jana jioni nimemwona kwenye lile tangi la maji linalovuja kule mwisho wa mji, karibu na mabanda ya kuku. Nilichagua tangi hilo kwa sababu ni mbali na kuna tope la kutosha kumeza baiskeli. Nikamvisha kilemba cha ukoka, nikasema mtu wa lenzi yake ndiye anayestahili. Akanitazama kwa jicho la pembeni. Baada ya robo saa nikamwona anafunga studio, begi mgongoni. Nilicheka peke yangu hadi nikahitaji maji.

Saa mbili nikawa tayari uani. Mashine kimya. Pazia la bluu, ambalo halijakauka vizuri, limenyooka kama ubao. Stendi imetulia. Sasa aje!

Saa nne, hakuna. Saa sita, hakuna. Hata shomoro wa kawaida hawapo. Paa tupu, ua mtupu, mimi na mjusi mmoja. Saa nane mama mwenye mashine akaja kunitazama, akasema pasipo kusaga hakuna punje inayomwagika, na pasipo punje shomoro watafuata nini hapa, au nilidhani wanapenda mlio. Hilo sikuwa nimelifikiria. Akili ni nywele, lakini leo nimeamka na upara.

Jioni Flashi alirudi, tope hadi magotini. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alinisalimia kwa heshima, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniambia asante ndugu yangu. Mtu aliyeshindwa akiwa na adabu anatia huruma. Nilikaribia kumwomba radhi.

Ijumaa, 7 Machi

Fundi amefika mapema. Amefungua mashine, amekuta mkanda kweli umeliwa upande wa ndani, uzi mmoja tu ndio ulioushika. Mama mwenye mashine karibu anikumbatie. Akanipa mfuko wa unga, akawatangazia wateja wote kuwa nina sikio la kipekee. Niliupokea kwa unyenyekevu.

Mashine ikaanza kusaga saa sita. Shomoro wakarudi, mmoja mmoja, kisha wote. Wote isipokuwa yeye. Nimekaa mpaka saa kumi. Hakuja. Nikamtazama shomoro mmoja mnene aliyekuwa anajigaragaza kwenye unga uliomwagika mlangoni, nikapata wazo. Nikapiga picha. Akajitikisa mara moja, akabaki wa kahawia na unga kwenye nyusi mbili. Alionekana kama mzee wa chama. Nikaifuta.

Kesho ni maonyesho, na mimi sina kitu. Nilirudi nyumbani, nikakaa kitandani na viatu. Mke wangu akakaa kando yangu. Alikuwa na haki ya kuniambia mengi kuhusu pazia, hakuyasema. Aliniuliza kama kweli nilimwona yule ndege. Nikasema nilimwona. Akanitazama usoni, akasema ananiamini, na kwamba baba yake si mtu mbaya, anachotaka ni mtu amwendee na kusema ukweli wake bila mapambo. Nenda leo, akasema, kabla ya kesho.

Nikatafakari maneno yale njia nzima, mfuko wa unga mkononi kama zawadi. Ukweli. Lakini ukweli upi? Nikisema nilimwona ila sina picha, hiyo ni Jumatatu tena, na itaonekana nakaidi. Mzee anataka mtu anayekiri. Nikikiri, je? Kukiri ni jambo zito, la kiume, na halihitaji picha. Kufika mlangoni kwake nilikuwa nimekata shauri.

Nikamwambia baba mkwe kwamba sikuona shomoro yeyote mweupe. Kwamba nilitunga yote kwa kutaka sifa. Kwamba nimekuja kukiri leo, kwa hiari yangu, ili asiaibike kesho. Sauti ilikatika yenyewe katikati na machozi yakanitoka, sikuyapanga.

Mzee akavuta kiti chake karibu na changu. Akanimiminia chai kwa mkono wake. Akasema njia ya mwongo ni fupi, lakini anayegeuka kabla haijaisha ana heshima yake. Akaniita mwanangu, na kwa mara ya kwanza hakukohoa kabla ya neno hilo. Miaka kumi na moja nimekunywa chai katika nyumba ile, leo ndiyo nimeisikia ladha. Nikaandika maungamo kwenye karatasi, nikatia sahihi, na tarehe. Niliporudi mke wangu akauliza kama nimesema ukweli. Nikasema mzee amefurahi sana. Sikudanganya.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika haraka, kabla sijaanza kuyapamba.

Ukumbi ulijaa. Baba mkwe alifungua maonyesho kwa kusoma maungamo yangu, neno kwa neno, kwa sauti ile ya darasani. Akaongeza kwamba katika chama hiki wengi wameona mengi wasiyoyaona, ila ni mmoja tu aliyepata ujasiri wa kusema hivyo. Wakapiga makofi. Wengine walisimama. Nikainamisha kichwa. Mke wangu, mstari wa pili, hakupiga makofi. Alikuwa ananitazama kama mtu anayesoma barua iliyoandikwa lugha ngeni.

Zamu ya Flashi. Akapanda na kitu kikubwa kama mlango, kimefunikwa shuka. Akavuta shuka.

Shomoro mweupe. Anaoga chini ya tangi linalovuja, mbawa zimefunguka, maji yanamtiririka, amelowa hadi kwenye ngozi, na ni mweupe mpaka mizizi ya manyoya. Hakuna unga duniani unaostahimili maji yale. Kila nyoya linahesabika. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuziona, na ninaandika hivyo kwa uchungu.

Ukumbi ulivuma. Flashi akaomba utulivu, akasema hawezi kuiba heshima ya mtu: siku ya Alhamisi alielekezwa kwenye tangi lile na mimi. Akanionyesha kwa mkono. Watu wote wakageuka. Kumbe mashine ilipozimwa, shomoro walifuata punje za kuku. Mimi ndiye niliyemfukuza ndege uani, na mimi ndiye niliyemtuma Flashi akampokee. Nimejipalia makaa, tena nikayapuliza.

Baba mkwe alikuwa ameshika maungamo yangu mkono mmoja, mkono mwingine umeinuliwa kuelekea picha. Akaniuliza, mbele ya wote, nilimwona au sikumwona. Nikasema nilimwona. Akauliza kwenye tangi? Nikasema hapana, mashineni; ya tangi nilitunga. Akauliza na haya ya jana niliyotia sahihi? Nikasema hayo pia nilitunga.

Mzee akakaa chini. Akahesabu kwa vidole, taratibu, kama mtu anayesahihisha mtihani. Jumatatu nilisema kweli. Alhamisi nilisema uongo ukageuka kweli. Ijumaa nililia machozi nyumbani kwake kwa kosa ambalo sikulifanya. Akasema siku zote alidhani mimi ni mwongo wa kawaida. Kisha akasema polepole, hata si kwa hasira, kwamba alikunywa nami chai ile kwa moyo wake wote.

Hilo ndilo lililonikata. Watu walicheka kauli ya kwanza, ya pili hawakuisikia. Katika kitabu cha kumbukumbu cha chama ameandikwa Flashi, mgunduzi wa shomoro mweupe. Nimekula wa chuya.

Nyumbani mke wangu ametundika pazia. Doa la grisi amelielekeza kwenye kiti changu.

Jumapili, 9 Machi

Saa tatu asubuhi mlango wa studio umegongwa. Baba mkwe! Peke yake. Hajawahi kuingia humu tangu nifungue. Akatazama huku na huku, akakosa pa kukaa, akakalia kiti cha pasipoti, mgongo wima. Nilikuwa nusura nimwambie ashushe kidevu.

Akasema hakulala vizuri. Akasema amefundisha miaka thelathini na tisa, na kosa baya kuliko yote kwa mwalimu ni kusahihisha jibu la mtoto kwa kuangalia jina lake. Jumatatu nilimletea jibu sahihi, naye akaliandika Madai kwa sababu ya jina langu. Kama angeniamini siku ile, akasema, pengine nisingefika nyumbani kwake Ijumaa na yale niliyofika nayo. Alisema yote hayo akiitazama taa ya studio, si mimi.

Kisha akatoa mfukoni fomu ya kumbukumbu ya ndege, mpya, haijaandikwa kitu. Tarehe, saa, mahali, idadi, maelezo. Akasema niijaze mwenyewe. Atatia sahihi kama ilivyo, hataniuliza swali hata moja, na kesho kwenye kikao ataisoma mbele ya wote, ili kitabuni aliyemwona wa kwanza awe mimi, na Flashi abaki na picha yake. Ana sharti moja. Ulichokiona tu, mwanangu, akasema. Akanishika bega, akaondoka. Nilisimama mlangoni nikimtazama mpaka alipokata kona. Yaani ameniamini. Imetokea!

Nimekaa mezani. Nimefunga mlango, nimeandika kibao kuwa leo hakuna pasipoti. Nikajaza kwa mwandiko wangu bora. Tarehe: 3 Machi. Saa: nne asubuhi. Mahali: paa la mashine ya kusaga. Yote kweli tupu. Kalamu inateleza yenyewe, hakuna cha kukumbuka, hakuna cha kulinganisha na cha jana. Kwa nini watu hawajaniambia kuwa ukweli ni mwepesi hivi?

Nikafika penye idadi. Nikaandika 1.

Nikaitazama. Kisanduku ni kikubwa, na ile 1 imesimama peke yake katikati, nyembamba, kama haikushiba. Flashi naye ana mmoja. Wake ana maji, wangu hana hata maji. Sasa mtu aliyeona kwanza na mtu aliyekuja siku tatu baadaye walingane vipi? Hata mzee mwenyewe itamsumbua akiisoma mbele za watu, baada ya kunitetea namna ile. Ni kumvunjia heshima.

Bahati nzuri 1 hugeuka 4 kwa mistari miwili, bila kufuta. Kwenye maelezo nimeongeza jike na makinda wawili, wote weupe, mmoja ana kibyongo kidogo ili ionekane niliangalia kwa makini. Fomu iko kwenye bahasha. Kesho saa mbili nampelekea baba mkwe mwenyewe, mkononi. Hana neno. Amesema hataniuliza swali hata moja.